Asome, Kisha Akueleze

Sauti ya darasa zima likisoma kwa pamoja humfurahisha kila mtu. Pita asubuhi nje ya madarasa ya chini ya shule yoyote ya msingi, kuanzia Nyalenda hadi Seme hapa Kisumu, utaisikia: mwalimu anataja mstari, watoto sitini wanaurudia, mwalimu anagusa neno kwa rula, watoto wanalipaza. Mzazi aliyesimama langoni anarudi nyumbani akiamini kazi inafanyika. Naomba tusiridhike upesi hivyo. Mwite mtoto mmoja kutoka safu ya tatu, mpe kitabu kilekile, funika picha kwa kiganja, umwambie asome peke yake. Baadhi watausoma ukurasa wote huku macho yakiwa ukutani, kwa kuwa wameshaukariri. Wengine watasoma kweli, neno baada ya neno, kidole kikifuata. Hao wa pili ndio wanaonishughulisha zaidi, maana ukimwuliza mmoja wao yule mtu wa kwenye hadithi alikwenda wapi, anakutazama tu, au anakusomea mstari uleule kwa sauti kubwa zaidi.

Msichana wa Gredi ya 3 niliyemsikiliza katika shule moja kandokando ya ziwa alisoma hadithi fupi ya Kiingereza kuhusu mvulana aliyepotelewa na kondoo. Alisoma vizuri. Alitua penye nukta, akapandisha sauti penye alama ya kuuliza. Nikamwuliza kwa Kiingereza ni nini kilichopotea. Kimya. Nikamwuliza kwa Kiswahili, akajibu, "Mvulana." Mwalimu wake akamwuliza kwa Dholuo, na hapo mtoto akafunguka: kuna kijana alikuwa anatafuta kitu huku na huku, akawauliza watu, wakamwonyesha njia, ila kitu chenyewe hakujua ni nini. Neno sheep alikuwa amelitamka sip, akalipita. Mwalimu alipomwambia kwamba huyo ni rombo, mtoto alicheka, akaturudishia hadithi yote kuanzia mwanzo, na akaongeza kwamba kijana mwenyewe ni mvivu kwa sababu kondoo hufungwa kamba.

Mtoto huyo hana tatizo la herufi, wala la akili. Anakosa maneno. Mwalimu asipoitumia lugha anayoijua mtoto hatalijua hilo kamwe. Atamwandikia kwenye ripoti kwamba ni mzito.

Mwaka 1986 watafiti wawili, Philip Gough na William Tunmer, waliandika jambo ambalo kila mwalimu wa lugha angepaswa kulibandika juu ya ubao. Walisema kusoma kwa kuelewa kunatokana na vitu viwili: uwezo wa kugeuza maandishi kuwa maneno, na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe inaposemwa. Viwili hivyo huzidishwa, havijumlishwi. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri, hata kingine kiwe kikubwa namna gani. Kwa mtoto wa London anayezungumza Kiingereza tangu kuzaliwa, kitu cha pili kimeshajengwa kabla hajafika shuleni, kwa hiyo mwalimu wake anaweza kujishughulisha na cha kwanza. Mtoto wa Ahero au Usoma anakuja na kitu hicho cha pili kikiwa kimejaa tele, lakini kimejaa kwa Dholuo, na kwa Kiswahili kiasi. Kwa Kiingereza ni chombo kitupu. Tukimfundisha kana kwamba ni yule wa London, tunazalisha wasomaji hodari wa maneno wasiyoyajua.

Jirani zetu wa Busia walituachia ushahidi mzito wa jambo hili. Mwaka 1996 shule kadhaa za wilaya hiyo zilipewa vitabu rasmi vya kiada, na wachumi Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin wakafuatilia matokeo. Wengi wangetarajia alama zipande kwa wote. Haikuwa hivyo. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari mbele darasani. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wa watoto hao, na mtoto wa kawaida hakuweza kuvisoma akavielewa. Kitabu kizuri mikononi mwa mtoto asiyeijua lugha yake hakimfungulii mlango wowote.

Tangu Januari 2015, mpango wa Tusome ulipoingia katika shule za umma, hali ya vitabu imebadilika sana. Kisumu ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mradi wa majaribio uliotangulia, PRIMR, na walimu wengi wa hapa wanaukumbuka. Mtoto alipata kitabu chake mwenyewe cha Kiingereza na cha Kiswahili, mwalimu akapata mwongozo wa kila somo, na maafisa wakawa wanakuja darasani na tableti zao kusikiliza watoto wakisoma kwa dakika moja. Nayaheshimu hayo yote. Lakini ile dakika moja ilizaa mazoea mabaya katika baadhi ya shule: kasi ikawa ndiyo kusoma. Vigezo vilivyowekwa kwa msomaji fasaha wa madarasa ya chini ni maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza na 45 kwa Kiswahili. Tofauti hiyo haina maana kwamba watoto wetu wanakijua Kiingereza kuliko Kiswahili. Neno moja la Kiswahili, tuseme hawakuwapelekea, lina habari ambayo Kiingereza kingeigawa katika maneno manne au matano. Ukisahau hilo utamlaumu mtoto kwa kusoma Kiswahili polepole, hali anabeba mzigo uleule. Na kasi yoyote ile, uliza swali baada yake.

Basi tuanze na masikio. Somo lolote la kusoma Kiingereza katika Gredi ya 1 na ya 2 litanguliwe na dakika kumi za kuzungumza, vitabu vikiwa vimefungwa. Kuzungumza kwenyewe kusiwe kule kwa salamu za mgeni, ambako darasa zima linasimama na kuitikia wimbo ambao hakuna anayejua unasema nini. Chukua vitu: kikapu, jiwe, jani, kipande cha wavu, samaki mkavu wa omena. Mpe mtoto jiwe, umwambie kwa Kiingereza aliweke chini ya kikapu. Mwingine aliweke ndani. Mwingine alitoe amkabidhi rafiki yake. Wanacheka, wanakosea, wanarekebishana, na baada ya wiki mbili maneno kama under, in na give yameingia mwilini mwao bila kukaririwa. Ndipo ufungue kitabu. Atakapoyakuta yameandikwa, atakuwa anakutana na watu anaowafahamu.

Kabla ya hadithi mpya, mwalimu aisome mwenyewe kimyakimya usiku uliotangulia na achague maneno matano au sita ambayo yakikosekana hadithi inaanguka. Yasizidi hapo. Katika hadithi ya kondoo, neno lost lina uzito kuliko neno green. Ayafundishe maneno hayo kwa mdomo, kwa kitendo au picha, na pale ambapo Dholuo au Kiswahili kitamaliza kazi kwa sekunde mbili, akitumie bila kuona haya. Nimeona mwalimu akihangaika kwa dakika saba kueleza hunger kwa Kiingereza peke yake, akijishika tumbo, akikunja uso, hadi nusu ya darasa ikadhani neno hilo ni kuumwa. Neno kech lingetosha, kisha dakika zilizobaki zikatumika kukizungumza Kiingereza chenyewe.

Sasa kwenye sauti na herufi. Hapa mwalimu wa ukanda wa ziwa ana mali ambayo hutumika kidogo mno. Kiswahili hupenda silabi inayoishia na irabu: ki-ta-bu, sa-ma-ki. Ndiyo maana tunafundisha ba, be, bi, bo, bu, na watoto wanashika haraka. Tukihamia Kiingereza, mtoto aliyezoea silabi hizo anataka kuongeza irabu mwishoni. Pen inakuwa peni, cup inakuwa kapu. Lakini Dholuo imejaa maneno yanayofungwa na konsonanti. Tol ni kamba, kom ni kiti, lep ni ulimi, pap ni uwanja, got ni mlima, rech ni samaki. Mtoto wa Kijaluo ameyatamka tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Andika ubaoni tol, kom, pap, lep, got. Waachie wayasome, waone kwamba wanayajua. Waonyeshe sauti ya mwisho inavyokatika. Kisha andika pot, top, mop, let. Herufi ni zilezile, umbo la silabi ni lilelile, na mdomo tayari unajua kufunga. Somo la wiki nzima linaweza kwisha kwa siku mbili.

Sikio la mtoto huyu nalo lina utajiri. Dholuo huandikwa kwa herufi tano za irabu lakini katika matamshi ina irabu tisa. Mtoto anayetofautisha hizo kila siku bila kufikiri anaweza kufundishwa kusikia tofauti ya ship na sheep, full na fool, haraka kuliko anayeanza na irabu tano tu. Anachohitaji ni mtu wa kumwambia asikilize.

Vipo vizingiti pia, na ni vyema mwalimu avijue kabla. Dholuo haina sauti za sh, z na v kama zilivyo katika Kiingereza na Kiswahili. Mtoto atasoma shamba akatamka samba, atasoma zoo akatamka soo. Akiwa anajua maana, hajakosea kusoma. Lugha ya kwanza imegusa ulimi wake, kama inavyogusa ulimi wa kila binadamu aliyejifunza lugha ya pili. Sahihisha matamshi wakati wake, kwenye zoezi la sauti, na usimkatize katikati ya hadithi. Mtoto anayekatizwa kila neno la tatu husahau alikotoka na huacha kutafuta maana. Herufi th na dh zinahitaji uangalifu wa pekee kwa sababu zipo katika Kiswahili na Dholuo, na hazisikiki sawa: katika Dholuo ulimi unagusa meno na pumzi inazibwa, katika Kiswahili pumzi inapita. Mwambie mtoto wazi kwamba herufi zilezile zina tabia tofauti katika kila lugha. Watoto wa miaka saba wanalielewa hilo kuliko tunavyodhani, kwa kuwa wanabadilisha lugha mara kumi kwa siku.

Kuhusu wimbo wa alfabeti, ule wa ei, bi, si, di, naomba usitangulizwe. Majina ya herufi hayasomi neno. Mtoto akiunganisha si, ei na ti hapati cat hata akijaribu mpaka jioni. Ubaya zaidi, jina la Kiingereza la herufi e ni sauti ambayo yeye katika Kiswahili na Dholuo anaiita i, na jina la i ni ai. Wengi wanaosoma pen wakasema pin wamechanganyikiwa hapo. Fundisha sauti kwanza. Majina yatakuja baadaye, na yatakuja kwa urahisi.

Kuna fundo jingine dogo ambalo huharibu ufahamu wa hadithi nyingi, na sijaona likishughulikiwa ipasavyo. Kiingereza kina he na she. Kiswahili kina yeye tu, na Dholuo ina en, kwa mwanamume na mwanamke. Mtoto wetu anaposoma ukurasa wenye mama, mwana na jirani, Kiingereza kinamtegemea ajue nani ni nani kupitia vijineno hivyo viwili, naye anaviona ni kitu kimoja. Matokeo yake anampa mama maneno ya mwana. Dawa ni rahisi: kila mnapofika kwenye he au she katika hadithi, simama, mwambie mtoto aweke kidole kwenye jina au picha ya mtu anayetajwa. Fanya hivyo kwa muhula mmoja, utaona majibu ya ufahamu yanavyonyooka.

Naja kwenye kazi ninayoipenda kuliko zote, na ambayo haihitaji bajeti zaidi ya karatasi za manila na kalamu nene. Darasa liandike vitabu vyake. Siku mvua ilipowanyeshea wauza omena ufukweni, kesho yake watoto wana la kusema. Mwalimu awaulize nini kilitokea, waseme kwa lugha waliyoiona nayo. Mmoja anasema, "Koth ogoyo omena," yaani mvua imeipiga omena. Mwalimu anaandika hivyohivyo, herufi kwa herufi, huku akitamka. Mwingine anaongeza kwamba mama alikimbia na turubai. Mwingine kwamba kuku walikula zilizomwagika. Sentensi nne au tano zinatosha. Wanazisoma, na wanaelewa kila neno kwa kuwa ni lao. Siku ya pili hadithi hiyohiyo inaandikwa kwa Kiswahili upande wa pili wa manila, wakijadiliana: ni omena ilinyeshewa au omena zilinyeshewa? Siku ya tatu inaandikwa kwa Kiingereza, mwalimu akiwapa maneno wasiyo nayo, na sasa mtoto anakutana na sentensi ya Kiingereza ambayo maana yake anayo kichwani mwake tangu juzi. Kazi iliyobaki ni maandishi tu. Shona manila hizo kwa uzi, zitundike, na mwisho wa muhula darasa lina vitabu kumi ambavyo mchapishaji yeyote wa Nairobi asingeweza kuwaandikia.

Wapo watakaouliza kama muda huo wa Dholuo hauibwi kutoka kwa Kiingereza. Utafiti wa Benjamin Piper na wenzake uliochapishwa mwaka 2016, uliowahusu watoto wazungumzaji wa Dholuo na wa Gikuyu, ulionyesha kwamba watoto waliielewa zaidi hadithi ya lugha yao kuliko ya Kiingereza. Nalo jopo la Marekani lililoongozwa na Diane August na Timothy Shanahan, lililotoa taarifa yake mwaka 2006 kuhusu watoto wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya pili, liligundua kwamba watoto hao huweza kuwafikia wenzao katika kusoma maneno, ila huachwa nyuma katika kuelewa kwa sababu lugha ya kuzungumza haijakomaa. Na kwamba waliojua kusoma kwa lugha yao walifaidika nako walipoingia Kiingereza. Mtu hujifunza kusoma mara moja. Akishajua kwamba alama hizi ni sauti na sauti hizi ni maana, hajifunzi hilo upya kwa lugha nyingine.

Mambo hayaendi sawa kila mahali. Sera yetu, tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 hadi mtaala wa umilisi ulioanza rasmi Januari 2019, inataka lugha ya eneo itumike katika madarasa matatu ya mwanzo. Mashambani Seme au Nyakach lugha ya eneo inajulikana. Lakini Manyatta, Obunga na Kondele darasa moja lina Wajaluo, Waluhya, Wakisii, pengine Wanubi wa Kibos na watoto wa wafanyabiashara Wasomali. Kisiwani Mfangano bado zipo nyumba zinazozungumza Olusuba, ingawa Dholuo imetawala. Katika darasa la mchanganyiko, daraja ni Kiswahili, na mwalimu akifundishe kwa moyo, kwa kuwa ndicho kitakachombebea Kiingereza. Waketishe wawili wawili wanaozungumza lugha moja nyumbani, wapewe dakika tatu za kuambiana hadithi kwa lugha yao kabla ya kujibu. Huhitaji kuielewa kila lugha. Unawatazama nyuso na mikono. Mtoto aliyeelewa anaonekana. Na usimcheke mtoto wa Kiluhya anayesema papa badala ya baba, kama usivyotaka wako achekwe kwa samba.

Swali la idadi huja kila ninapozungumza na walimu: nitamsikiliza nani katika darasa la watoto hamsini? Wasikilize watano kwa siku. Wakati wengine wananakili au wanachora, waite watano mezani, mmoja mmoja, dakika mbili kila mtu: asome mistari mitatu, kisha akueleze kwa lugha yoyote. Andika alama mbili tu kwenye daftari lako, anasoma au hasomi, ameelewa au hajaelewa. Katika wiki mbili za shule umewamaliza wote hamsini, na unajua jambo ambalo mtihani wa mwisho wa muhula hautakuambia.

Mzazi naye ana kazi. Nawajua kina mama wa soko la Kibuye wanaofunga vibanda saa moja usiku na bado wanatafuta pesa ya tuisheni, wakiamini mtoto akisikia Kiingereza tangu chekechea ataokoka. Baadhi huamua kumsemesha mtoto Kiingereza nyumbani, kile cha njoo, kaa, kula, nyamaza. Kwa upendo wote, wanampunguzia. Mtoto anahitaji kusikia lugha yenye urefu: sababu, lawama, sifa, mzaha, masimulizi ya jana na mipango ya kesho. Hiyo utampa kwa lugha unayoimiliki. Msimulie, au mpeleke kwa dani, nyanya yake, amsimulie, jinsi kijiji kilivyozama Simbi Nyaima kwa kumkatalia bibi mzee malazi, au nguvu za shujaa Lwanda Magere zilivyokuwa katika kivuli chake. Sikiliza naye habari za Ramogi FM au Nam Lolwe, kisha umwambie akurudishie. Mtoto anayeweza kushika kisa kirefu kwa Dholuo, akajua nani alimfanyia nani nini na kwa nini, ameshajifunza nusu ya ufahamu wa Kiingereza.

Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kusimamia kusoma. Sema, "Nyathina (mwanangu), nisomee." Akimaliza, sema, "Sasa niambie." Kama maelezo yake hayana kichwa wala miguu, kitabu hajakielewa, na hukuhitaji cheti kulijua hilo.

Vitabu vipo, ingawa vinahitaji kutafutwa. Asenath Bole Odaga, aliyefariki mwaka 2014, alianzisha Lake Publishers hapa Kisumu na akatumia maisha yake kuwaandikia watoto ngano za ziwa kwa Kiingereza na Dholuo. Shule yenye maktaba na isiyo na hata kimoja cha vitabu vyake inajinyima. Mjini kuna maktaba ya umma. Mwenye simu anaweza kupata bure hadithi fupi za African Storybook, nyingine zikiwa kwa Dholuo, Kiswahili na Kiingereza, hadithi moja kwa lugha zote tatu. Chapisha moja, soma Jumatatu kwa Dholuo, Jumatano kwa Kiswahili, Ijumaa kwa Kiingereza.

Bado sijawagusa waliopitwa. Gredi ya 4 masomo yote isipokuwa Kiswahili yanageuka Kiingereza, na hapo ndipo wengi wanazama kimya. Mwalimu wa sayansi anajiona hahusiki na kusoma, ilhali anahusika sana. Kabla ya ukurasa wa evaporation, awaulize watoto omena iliyoanikwa ufukweni Dunga asubuhi ikiwa mbichi inakuwaje mchana, na maji yake yamekwenda wapi. Waeleze kwa Dholuo, kwa Kiswahili, wabishane. Halafu awape neno la Kiingereza, kisha ukurasa. Wakati jambo lenyewe linajulikana, lugha ngeni inakuwa ngeni kwa upande mmoja tu.

Kwa wale wa Gredi ya 5 na ya 6 ambao bado hawawezi kusoma sentensi, msiwape kitabu cha gredi yao mkitumaini watajivuta. Wapangeni kwa uwezo kwa saa moja kila siku, bila kujali gredi, waanzie wanapoweza: sauti, silabi, maneno mafupi, hadithi ya mistari minne. Mwaka 2005 na 2006, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule za Bungoma na Butere-Mumias zilizoongezewa mwalimu na kugawa watoto wa darasa la kwanza kwa uwezo, na wakaona kwamba makundi yote mawili, la juu na la chini, yalisonga mbele kuliko pale walipochanganywa. Kikundi hicho kisiitwe jina la aibu. Mvulana wa miaka kumi na mbili ana heshima yake ya kulindwa, na akishaona anaweza, hukimbia.

Kwa walimu wakuu nina ombi moja. Katika baadhi ya shule kile kibao cha kumvisha mtoto aliyezungumza lugha ya nyumbani bado kipo, siku hizi kikiitwa diski. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza mwaka 1986, katika Decolonising the Mind, jinsi kilivyotumika shuleni alikosoma zama za ukoloni. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za Wakenya. Ukiacha sheria, kibao hicho kinaharibu kusoma kwenyewe: mtoto anayeogopa kusema kwa Dholuo kwamba hajaelewa, na hawezi kulisema kwa Kiingereza, atanyamaza, nasi tutadhani ameelewa. Kitoeni leo.

Nawe mzazi, usingoje ripoti ya mwisho wa mwaka. Mwombe mwanao akusomee ukurasa mmoja usiku huu na akueleze kwa lugha aitakayo. Akikwama, nenda shuleni wiki hii umwone mwalimu wake, mkae mjue kilichokwama ni herufi au ni maneno, kwa kuwa matibabu yake hayafanani.